Sili ya pampu inavuja: soma nyuso zake kabla ya kununua nyingine

Sili mpya, yaani kizuizi cha maji pale shafti inapotokea kwenye pampu, imefungwa jana jioni, leo asubuhi chini ya glandi (kifuniko kinachoishika) pameshalowa. Wengi hurudi dukani kununua nyingine, nayo ikifungwa inavuja vilevile, kwa kuwa kilichoiua ya kwanza bado kimo ndani ya pampu. Sili iliyotolewa haitupwi kabla ya kusomwa. Alama zilizo kwenye nyuso zake, na zilizo kwenye silivu (bomba fupi linalovikwa shafti) ilipokaa, zinaonyesha maji yalipitia wapi.

Maelezo haya yanahusu pampu zinazoonekana kila siku mkoani Tanga: za maji ya mto, za visima, za maji ya bahari kwenye boti na mashamba ya chumvi, na za makorona ya mkonge, yaani mashine za kutoa nyuzi. Shafti ni za milimita 25 hadi 50, mizunguko 1,450 au 2,900 kwa dakika.

Mwanya wa mikroni moja

Sili ina nyuso mbili. Mmoja huzunguka pamoja na shafti, mwingine umetulia kwenye glandi. Mara nyingi mmoja ni wa kaboni na mwenzake ni wa seramiki au silikoni kabaidi. Nyuso hizi hazitakiwi kusuguana kavu. Kati yake hupita utando wa maji wenye unene wa nusu mikroni hadi mikroni mbili hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una mikroni kama 70. Utando huo ndio unaopoza na kulainisha, kwa hiyo hakuna sili isiyopitisha kitu kabisa. Sili ikiwa nzima, kinachopita ni kidogo mno na hugeuka mvuke kabla hakijaonekana.

Shida ni hesabu ya mwanya huo. Uvujaji hufuata unene wa mwanya uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua sili yenye kipenyo cha milimita 40, uso wenye upana wa milimita 3, presha ya baa 3 na maji ya vuguvugu. Mwanya wa mikroni 1 unatoa karibu mililita 5 kwa saa, tone moja na nusu kwa dakika. Mikroni 2 zinatoa mililita 38, matone 12 au 13 kwa dakika. Mikroni 3 ni mililita 127, matone zaidi ya 40, na hapo mtu anaanza kutafuta ndoo. Kiwango cha API 682, kinachotumika kwenye viwanda vya mafuta, kinaweka mpaka kwenye gramu 5.6 kwa saa, yaani matone mawili kwa dakika. Ukilinganisha namba hizo utaona kuwa sili nzuri na sili mbovu zinatofautiana kwa mikroni moja tu.

Ukwaru, yaani vimilima na vibonde vya uso, ndio unaozizuia nyuso zisikaribiane. Uso mgumu hutoka kiwandani ukiwa na Ra (kipimo cha ukwaru) ya takriban mikroni 0.05 hadi 0.1, na kaboni 0.1 hadi 0.25. Lakini Ra ni wastani, na wastani huficha mambo. Uso wenye vibonde vifupi vingi unaweza kusomeka Ra ileile na uso laini wenye mchirizi mmoja unaokatiza kutoka nje kwenda ndani. Huo wa pili ndio unaovuja zaidi. Michirizi ya duara, inayofuata mzunguko, haina madhara makubwa kama inayokatiza, kwa sababu maji yanatafuta pa kuvukia na mchirizi wa kukatiza ni mfereji uliokwisha chimbwa.

Kisha kuna ubapa, ambao wengi huuchanganya na ulaini. Uso unaweza kung'aa hadi ukajiona sura yako, na bado ukawa umepinda mikroni 5. Ulaini bila ubapa hauzuii maji.

Kabla ya kufungua chochote

Weka kopo chini ya glandi uhesabu matone kwa dakika tano katika hali tatu: pampu imesimama lakini imejaa maji na ina presha, pampu imewashwa sasa hivi, pampu imekwenda nusu saa na kupata moto wake wa kawaida. Andika namba zote tatu. Hakikisha pia kwamba maji yanatoka kwenye sili kweli. Kausha eneo lote kwa kitambaa, paka chaki kuzunguka ukingo wa glandi, uone inaanza kulowa wapi. Gasketi ya glandi iliyolegea imeshasababisha sili nyingi nzima kutupwa.

Matone ni yaleyale, ikisimama na ikizunguka

Hapa anza na silivu. Nyuso ziache kwanza. Oringi, pete ya mpira inayokaa kwenye silivu, ni njia ya pili ya maji, na mafundi wengi huisahau kwa sababu haizunguki juu ya kitu. Mkwaruzo wa bisibisi wenye upana wa milimita 0.1 na kina cha milimita 0.05, ukipita chini ya oringi kwa urefu wa milimita 2 kwa presha ileile ya baa 3, unaweza kupitisha karibu nusu lita kwa saa kama mpira haukuujaza. Mpira ukiujaza hadi nusu ya kina chake, bado zinapita kama mililita 60, sawa na matone 20 kwa dakika. Mkwaruzo mmoja unaohitaji tochi kuonekana unavujisha kuliko nyuso zote mbili za sili zilizo nzima.

Mikwaruzo hiyo ina asili chache. Ya kwanza ni sili ya zamani kung'olewa kwa bisibisi mbili. Ya pili ni skrubu za kubania: kila skrubu huacha kinundu kwenye shafti, na sili mpya ikisukumwa juu ya kinundu hicho, oringi inachanika kwa ndani mahali usipopaona. Vinundu vyote viondolewe kwa tupa laini kabla sili haijapita. Ya tatu ni mfereji mwembamba wa duara, wa kung'aa, mahali oringi au kabari ya tefloni ilipokuwa ikisogea mbele na nyuma maelfu ya mara kwa dakika. Huo si mkwaruzo wa fundi. Ni dalili kwamba shafti inatikisika, na silivu mpya itachimbwa hivyohivyo beringi zisipoangaliwa. Ya nne, kwa pampu za maji ya bahari, ni vishimo vya kutu chini ya oringi, mahali maji ya chumvi yalipotuama. Hata stenlesi hupata vishimo hivyo.

Silivu chini ya oringi inayosogea inatakiwa iwe na Ra isiyozidi mikroni 0.8, chini ya oringi iliyotulia kabisa, 1.6 inatosha. Silivu iliyokerezwa tu na kuachwa na alama za kisu huwa 3.2 au zaidi. Ukiwa na bamba la kulinganishia ukwaru, tafuta N6, yaani Ra 0.8. N8, yaani 3.2, ndiyo hiyo iliyotoka kwenye kisu. Mwambie mkerezaji aimalizie ikiwa bado inazunguka kwenye mashine: msasa namba 320 wenye mafuta kidogo, kisha 400, kisha 600, ili alama zinazobaki zifuate mzunguko. Asisugue kwa urefu wa shafti hata mara moja. Ukimaliza pima kwa maikromita. Kipenyo kikipungua zaidi ya milimita 0.05 chini ya kipimo chake, tengeneza silivu nyingine. Mdomo wa silivu nao ukatwe mshazari wa urefu wa milimita 2 hivi na ulainishwe, usiikate oringi inapoingia.

Oringi yenyewe ipake maji ya sabuni au grisi ya silikoni. Zile za EPDM, aina ya mpira, huvimba zikiguswa na grisi ya kawaida, na oringi iliyovimba hubana silivu hadi sili ishindwe kusogea.

Inavuja ikizunguka, ikisimama inakauka

Sasa zitazame nyuso. Zioshe, zikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha shika uso mgumu karibu na jicho, uulaze hadi mwanga wa taa ya mrija utambae juu yake. Utaona njia ya duara iliyoachwa na kaboni. Njia hiyo pima upana wake.

Ikiwa sawa na upana wa pua ya kaboni (sehemu yake inayogusa) na imekamilika pande zote, nyuso zilikutana vizuri; rudi kwenye oringi. Ikiwa pana kuliko pua, shafti haizunguki katikati: beringi zimechoka, shafti imepinda au kapilingi, kiungo cha pampu na mota, haijalinganishwa. Weka dayo geji (saa ya kupimia mchezo) kwenye shafti karibu na sili uizungushe kwa mkono. Ikicheza zaidi ya milimita 0.05, hakuna sili itakayodumu hapo. Njia ikikatika, ikawa na madoa mawili yanayotazamana, uso uliotulia umepindwa na bolti za glandi. Glandi ya bolti mbili ikikazwa upande mmoja kwanza hufanya hivyo kila mara. Kaza kwa zamu, robo mzunguko kwa kila bolti.

Alama nzito ikiwa kwenye ukingo wa nje tu, kwenye sili ambayo maji yenye presha yanaizunguka kwa nje, presha imeikunja kuliko uwezo wake. Ikiwa kwenye ukingo wa ndani, moto ndio ulioupindisha uso.

Hali ya kinyume, kuvuja ikisimama na kukauka ikizunguka, haitokei sana. Ikitokea, tafuta uchafu uliokwama katikati au uso usio bapa.

Ilikuwa nzuri, ikaharibika kwa wiki chache

Hii ndiyo kesi ya masika. Mto Zigi unashuka kutoka Usambara ya Mashariki, na mvua za Machi hadi Mei zikikolea, maji huja mekundu kwa tope na mchanga mwembamba. Pampu yoyote inayovuta maji ya namna hiyo bila kuyatuliza inaziogesha nyuso za sili kwenye msasa.

Ukiifungua baada ya miezi miwili ya hali hiyo, kaboni ina michirizi ya duara iliyosongamana kama ya sahani ya santuri. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje: unakwama, unaachia, unakwama tena. Ukucha ukikwama, mchirizi umeshavuka kipimo cha sili mara nyingi. Sasa tazama uso mgumu. Nao umechimbika, jambo linalowashangaza wengi, kwa kuwa kaboni ni laini. Lakini chembe ya mchanga ikizama kwenye kaboni hubaki humo imetokeza ncha, na kaboni nzima inageuka kuwa jiwe la kunolea.

Kubadilisha sili kwa nyingine ya kaboni ni kununua miezi miwili mingine. Mchanga wa kwatzi ni mgumu kuliko kaboni na chuma, ila ni laini kuliko silikoni kabaidi. Kwa maji machafu, weka silikoni kabaidi pande zote mbili. Pamoja na hayo, leta maji safi kwenye chumba cha sili kwa presha inayozidi ya chumba hicho kwa baa 1 hivi, ili maji yatoke kwenye sili kwenda kwenye impela (gurudumu linalosukuma maji) badala ya tope kuingia. Kichujio cha kuzungusha kinachotenga mchanga kwa uzito wake hufaa kwa mto. Kwenye pampu za korona hakifai: nyuzi fupi za mkonge hazizami, hukusanyika mdomoni na kukiziba. Nyuzi hizo pia hujisokota kwenye springi mpaka ikakosa kusukuma, kwa hiyo pampu ya maji ya mkonge itafutiwe sili ambayo springi yake haikai ndani ya maji.

Upande wa Pongwe, penye saruji na mawe ya chokaa, vumbi huingia hata kabla ya pampu kuwashwa. Sili iliyofunguliwa kutoka kwenye karatasi yake na kuwekwa mezani wakati fundi anatafuta spana imeshachafuka. Ifungue ukiwa tayari kuiingiza.

Inalia, halafu inavuja

Mlio wa kukwaruza wakati wa kuwasha maana yake utando wa maji haupo. Mara nyingi futivalvu, valvu ya chini ya bomba la kuvuta maji, imevujisha, maji yamerudi kisimani, na mota imewashwa pampu ikiwa tupu. Au chumba cha sili kina hewa iliyonaswa juu. Seramiki ikipata moto kisha maji baridi yakaifikia ghafla, hupasuka. Kwenye tangsteni kabaidi huonekana nyufa nyembamba mno zinazoanzia katikati kwenda nje, na kila ufa una ukingo mkali. Hizo huikuna kaboni kama mbuzi inavyokuna nazi. Unga mweusi uliotapakaa nje ya glandi ndio machicha yake. Uso wenye nyufa hizo hausuguliwi ukapona. Tupa.

Fundi mwingine hutaka kutibu mlio kwa kuzing'arisha nyuso zaidi. Hapo anaongeza tatizo. Nyuso mbili bapa zilizolainishwa kupita kiasi hunatana, hazibaki na vibonde vya kuhifadhi maji, na pampu ikiwashwa kaboni inang'oka vipande vidogo. Ukwaru kidogo ni hifadhi ya maji ya kulainisha. Jaza pampu, toa hewa kwenye chumba cha sili hadi maji yatiririke bila mapovu, tengeneza futivalvu. Mlio utaondoka.

Ukoko mweupe nje ya sili

Maji yanayovuka nyuso hukauka upande wa hewa na kuacha yaliyoyabeba. Maji ya visima kwenye mwamba wa chokaa, kama ule wa Amboni, ni magumu na huacha chokaa. Maji ya bahari huacha chumvi. Kujua ni kipi, kwangua kidogo udondoshee ndimu: chokaa inatoa mapovu, chumvi haitoi, ila inayeyuka kwenye maji baridi.

Ukoko wenyewe hauvujishi. Unachofanya ni kuigandisha oringi inayotakiwa kusogea mbele kadiri kaboni inavyolika. Silivu iliyokuwa na Ra 0.4 inageuka sakafu ya matumbawe, oringi inakwama, springi inashindwa, nyuso zinaachana. Ukiitoa sili kama hiyo, nyuso mara nyingi ni nzima kabisa, na ndiyo maana sili mpya nayo haidumu. Tumia sili yenye mkunjo wa mpira, ambayo haitelezi juu ya shafti, au elekeza maji matamu kidogo kidogo upande wa nje. Pampu ya bahari isukumiwe maji matamu kila siku kabla ya kuzimwa.

Sili ya mafuta: jaribio la uzi

Kwenye giaboksi na beringi, ambako sili ni mdomo wa mpira, ukwaru una mtego wake. Shafti inatakiwa Ra kati ya mikroni 0.2 na 0.8. Ikizidi, mpira unalika. Ikipungua, mafuta hayashiki na mdomo unaungua. Lakini shafti inaweza kuwa ndani ya kipimo na ikavuja, kwa sababu kisu cha mkerezaji kimeacha hesi ndogo isiyoonekana inayosukuma mafuta nje kama skrubu.

Paka shafti mafuta mepesi ikiwa imelala sawasawa kwenye mashine. Zungushia uzi, ninginiza uzito wa gramu 30 hivi, zungusha polepole kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Uzi ukitembea kushoto, na ukigeuza mzunguko ukatembea kulia, hesi ipo. Ukienda upande mmoja tu bila kujali mzunguko, shafti ina mteremko au haijalala sawa. Hesi huondolewa kwa kusagwa na jiwe linaloingia moja kwa moja, lisilotembea kando.

Kusugua upya au kutupa

Msasa juu ya kioo cha dirisha ni dawa maarufu, na ni mbovu. Kioo chembamba hupinda chini ya mkono, kingo za uso husuguliwa zaidi ya katikati, na uso unatoka umevimba katikati huku unapendeza kuutazama. Uso mgumu wenye michirizi midogo husagwa kwenye sahani bapa ya chuma cha kusubu kwa dawa ya almasi ya mikroni 6, kisha 3, kisha 1, kwa mwendo wa namba nane, ukiugeuza robo kila baada ya mizunguko kadhaa na kuosha kabisa kati ya daraja na daraja. Kaboni iwe na sahani yake isiyowahi kuguswa na almasi, la sivyo chembe zitazama humo na kurudia kazi ya mchanga wa Zigi.

Ubapa husomwa kwa kioo bapa cha kupimia chini ya taa ya rangi moja ya heliamu au sodiamu. Mistari ya mwanga huonekana juu ya uso, na kila mstari ni mikroni 0.29. Mistari iliyonyooka na yenye nafasi sawa ni ubapa. Ikipinda, mpindo usizidi mistari mitatu. Karakana isiyo na taa hiyo haina njia ya kujua kama kazi yake imefaulu, na kwa sili ndogo za bei nafuu ni afadhali kununua mpya na kuelekeza nguvu kwenye silivu.

Baada ya kufunga, nyuso usiziguse kwa vidole. Washa pampu, hesabu matone. Kaboni mpya hujilaza kwa saa kadhaa, kwa hiyo matone matano kwa dakika yanayoshuka hadi mawili kisha sifuri hayana neno. Yakibaki matano hadi kesho yake, usikaze bolti kuyazuia. Chukua kopo na urudie zile hesabu tatu.